Roboti ya mapigano yenye mkono wa kuinua

Roboti ya mapigano yenye mkono wa kuinua ni mashine inayoendeshwa kwa rimoti ambayo hushindana na roboti nyingine ulingoni kwa kuingiza mkono chini ya mpinzani na kumwinua mpaka magurudumu yake yaache sakafu. Haitegemei kuvunja mpinzani, bali kumnyima uwezo wa kwenda. Katika mashindano mengi roboti iliyoshindwa kusogea kwa muda uliowekwa, mara nyingi sekunde 10, huhesabiwa kuwa imeshindwa.

Mkono huo una kazi ya pili: roboti ikipinduliwa, huutumia kujirudisha kwenye magurudumu yake.

== Historia ==

Marc Thorpe aliandaa mashindano ya Robot Wars mjini San Francisco, Marekani, mwaka 1994. Kuanzia mwaka 1998 yalionyeshwa pia na televisheni ya BBC nchini Uingereza. Mwaka huohuo Panic Attack, roboti kutoka Wales yenye uma wa kuinua, ilishinda msimu wa pili.

Nchini Marekani, BioHazard ya Carlo Bertocchini ilikuwa na kimo cha sentimita 10 hivi tu, hivyo ilikuwa vigumu kuiingia kwa chini. Mwaka 2001 ilishindwa katika fainali ya BattleBots na Son of Whyachi, roboti yenye silaha inayozunguka, lakini ilitwaa ubingwa tena mwaka 2002.

Roboti za kuinua hutofautishwa na zile za kurusha, kama Chaos 2 ya Uingereza, ambazo hutumia gesi yenye shinikizo kumtupa mpinzani kwa ghafla. Mkono wa kuinua kwa kawaida huendeshwa na mota ya umeme, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuundwa nyumbani.

== Kanuni ya wenzo ==

Mkono wa kuinua ni wenzo. Kadiri unavyokuwa mrefu, ndivyo mota inavyohitaji nguvu zaidi ya kuuzungusha. Nguvu hiyo mara nyingi hupimwa kwa kilogramu-sentimita, yaani uzito unaoinuliwa ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo.

Kwa mfano, mpinzani ana kilo 1.5 na mkono una sentimita 15. Kuinua upande mmoja tu wa mpinzani ni kubeba takriban nusu ya uzito wake: 0.75 × 15 = 11.25. Kumwinua mzima kunahitaji 1.5 × 15 = 22.5. Mota ya sevo yenye nguvu ya 20 itaweza kazi ya kwanza, lakini itakwama katika ya pili.

Hata mota ikiwa na nguvu ya kutosha, roboti inaweza kujipindua yenyewe. Tuseme nayo ina kilo 1.5, kitovu chake cha uzito kiko sentimita 8 nyuma ya magurudumu ya mbele, na ncha ya mkono iko sentimita 12 mbele ya magurudumu hayo. Uzito wake unaizuia kwa 1.5 × 8 = 12. Nusu ya mpinzani huivuta mbele kwa 0.75 × 12 = 9, na roboti hubaki imara. Mpinzani mzima huivuta kwa 18, na sehemu ya nyuma huinuka. Ndiyo sababu betri huwekwa nyuma, mkono hufupishwa, au miguu midogo hufungwa mbele ili kusogeza egemeo.

== Uundaji ==

Fremu ya roboti ndogo inaweza kutengenezwa kwa alumini au plastiki ngumu kama ile ya mbao za kukatia nyama. Kila gurudumu au kila upande huwa na mota yenye gia. Mkono hufungwa kwa ekseli inayoshikiliwa pande zote mbili, ili kishindo cha pigo kibebwe na fremu badala ya gia za sevo. Ncha ya mkono hunolewa kama kabari na kulala sakafuni. Ikiinuka hata milimita chache, mpinzani mfupi hupita chini yake.

== Usalama ==

Hatari kubwa ni betri za lithiamu. Seli iliyojaa huwa na volti 4.2, ikijazwa kupita hapo, ikitobolewa au nyaya zake zikigusana, inaweza kuwaka moto. Huchajiwa kwa chaja yake maalumu huku mtu akiwepo, mbali na vitu vinavyoshika moto.

Roboti huwekwa swichi inayofikika kwa urahisi, na kipokezi hupangwa kuzima mota zote mawasiliano ya rimoti yakikatika. Wakati wa majaribio mezani, magurudumu huinuliwa yasiguse meza, mkono hufungwa kwa pini, na macho hukingwa kwa miwani.