Duka Moja, Lugha Tatu: Mambo ya Kuzingatia Mfanyabiashara Mdogo Anapoandaa Tovuti

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Muuza vitenge wa Kariakoo anaweza, kwa siku moja, kumhudumia mama wa Mbagala anayetaka doti moja ya kanga, mnunuzi wa jumla kutoka Lubumbashi, mwingine wa Lusaka na mgeni aliyewasili kutoka Moroni. Dukani kazi hiyo haina uzito mkubwa. Kitambaa kipo mezani, kikokotoo kipo mkononi, na hakosekani kijana wa duka la jirani anayejua Kifaransa. Ugumu huanza duka linapohamia kwenye tovuti. Huko hakuna jirani wa kuitwa. Kilichoandikwa ndicho hicho, na mteja asiyekielewa hufunga ukurasa bila kuaga.

Swali la kwanza ni lugha zipi ziwekwe. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, lakini hakuna mteja anayetarajia kukuta orodha ya bei kwa lugha zote hizo. Kiswahili kinawafikia karibu wote, na ndicho kinachopaswa kuwa msingi wa tovuti. Hata hivyo si jambo geni kukuta tovuti ya duka la mtaani, lenye wateja wengi wa hapa nchini, ikiwa kwa Kiingereza pekee, kana kwamba Kiswahili hakistahili kuwekwa mtandaoni. Hii ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika tangu mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2022.

Lugha ya pili na ya tatu zitokane na daftari la mauzo. Mwenye wateja wa Zambia na Malawi anahitaji Kiingereza. Mwenye wateja wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, anahitaji Kifaransa pia. Hapa wengi hujiuliza: Wakongo wa mashariki na wa Katanga si wanazungumza Kiswahili? Ni kweli, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini humo. Lakini lugha rasmi ni Kifaransa, nayo ndiyo ya shule na ya nyaraka. Mtu anaweza kupatana bei kwa Kiswahili na bado akataka kusoma masharti ya usafirishaji kwa Kifaransa. Lugha mbili zilizoandikwa vizuri zina faida kuliko tano zilizoachwa nusu.

Baada ya hapo hufuata tafsiri, na hapa ndipo fedha hupotea kimyakimya. Programu za kutafsiri zimeendelea sana na zinafaa kwa rasimu ya kwanza, ila hazijui kitenge ni nini dukani kwako. Neno la Kiingereza linaloamuru mteja aweke nafasi ndilo hilo hilo lenye maana ya kitabu, hivyo kitufe huweza kugeuka kikasomeka “kitabu sasa”. Programu nyingine hudhani kwamba wingi hupatikana kwa kuongeza herufi mwishoni mwa neno. Matokeo yake kapu la manunuzi humwambia mteja amechagua “1 vitambaa”. Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni na hutanguliza jina kabla ya idadi: kitambaa 1, vitambaa 2. Fundi wa tovuti aelezwe jambo hili mapema, maana kulirekebisha baadaye ni kazi ya kufumua.

Yapo pia maneno yasiyohitaji kutafsiriwa bali kubadilishwa jina. Kitambaa kile kile kinachoitwa kitenge Dar es Salaam huitwa chitenge Lusaka, chitenje Blantyre, na anayetafuta kwa Kifaransa ataandika pagne. Tovuti iliyoandika kitenge peke yake inaweza isionekane kabisa katika utafutaji wa mtu ambaye alikuwa tayari kununua majora kumi. Kwa upande mwingine, maneno kama doti yabaki yalivyo na yafafanuliwe: kanga mbili zilizoungana, zikiwa na urefu wa kiasi fulani. Vipimo viandikwe kwa mita hata kama dukani mnahesabu kwa yadi.

Tarakimu ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu kila mtu huamini kuwa hazina lugha. Bei iliyoandikwa 12,500 humaanisha elfu kumi na mbili na mia tano kwa msomaji wa Kiswahili au Kiingereza. Kwa aliyezoea maandishi ya Kifaransa, alama hiyo ya mkato hutenganisha sehemu ya desimali, na anachokiona ni kumi na mbili na nusu. Ukurasa wa Kifaransa uandike 12 500, kwa nafasi katikati. Tarehe nayo isiandikwe 5/7, bali 5 Julai.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee. Mtanzania akisoma kwamba duka hufunguliwa saa 2 asubuhi anaelewa bila shida. Tafsiri isiyo makini humpelekea mgeni 2:00, naye akapiga simu usiku wa manane au akadhani duka hufunguliwa mchana. Kurasa za lugha za kigeni ziandike 08:00 na zitaje kuwa ni saa za Afrika Mashariki, kwa kuwa Lusaka na Lubumbashi ziko nyuma yetu kwa saa moja.

Kwa upande wa ufundi, mambo ya kumwagiza mtengenezaji ni machache. Kila lugha iwe na anuani yake ndani ya tovuti, kwa alama za kimataifa sw, en na fr, ili injini za utafutaji zitambue kila ukurasa na mteja aweze kumtumia mwenzake kiungo sahihi. Kila ukurasa utajwe lugha yake ndani ya msimbo. Programu zinazowasomea wasioona hutegemea hilo ili kutamka maneno inavyostahili. Bei zisiandikwe ndani ya picha, maana picha haitafsiriki wala haitafutiki, na humaliza bando la mteja. Kitufe cha kuchagua lugha kiandikwe jina la lugha kwa lugha yenyewe: Kiswahili, English, Français. Bendera hazifai kwa kazi hiyo. Kiswahili kingepewa bendera ya nchi ipi? Vilevile tovuti isimchagulie mtu lugha kwa kukisia alipo. Mtanzania aliye Dubai bado ni msomaji wa Kiswahili.

Sheria nazo zina sehemu yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni kumpatia mteja taarifa za muuzaji na za bidhaa, na taarifa ambayo mteja hawezi kuisoma haimsaidii. Fomu inayochukua jina na namba ya simu inaangukia katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Maelezo ya kwa nini taarifa hizo zinachukuliwa yawepo katika kila lugha ya tovuti. Kuhusu bei, kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinazuia kutangaza bei kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi, isipokuwa pale zenyewe zinaporuhusu. Kuongeza lugha ya kigeni hakumpi mwenye duka ruhusa ya kuongeza dola. Masharti ya mauzo yaseme pia ni toleo la lugha gani litakalofuatwa iwapo matoleo yatatofautiana.

Na yatatofautiana, bei zikiwa zinabadilishwa ukurasa mmoja mmoja. Ziwekwe mahali pamoja ambapo kurasa zote huzichukua, ili zikibadilishwa mara moja zibadilike kote.

Linabaki suala la nani atajibu. Ukurasa wa Kifaransa utaleta ujumbe wa Kifaransa, pengine jioni ambapo yule kijana wa duka la jirani ameshaondoka. Kama hakuna mtu wa kudumu anayeijua lugha hiyo, ukurasa wa mawasiliano ueleze waziwazi siku na saa ambazo majibu ya Kifaransa hupatikana, na kwamba muda mwingine duka hujibu kwa Kiswahili na Kiingereza.