Kibaba cha Mfuto na Kibaba cha Tele

Wazee wetu wa pwani walijua tangu zamani ya kuwa kipimo kimoja chaweza kutoa vyakula viwili visivyolingana. Mtu akipimiwa nafaka aliuliza kama ni kibaba cha mfuto, yaani kilichofutwa juu kikawa sawasawa na ukingo, au kibaba cha tele, kilichojazwa hata kikafanya kilima. Vibaba vinne ni pishi moja. Basi wafikiri tofauti yake, mtu akinunua pishi kumi.

Siku hizi twanunua unga kwa kilo, na nyumbani twapika kwa kikombe. Akina mama huuliza, Je, kikombe ni gramu ngapi? Hapana jawabu moja. Kikombe kiingiacho mililita 250 huchukua gramu 250 za maji. Lakini vitu vikavu vina hewa katikati ya chembe zake, wala havifanani. Kikombe hicho, kwa mfuto, huchukua gramu 125 hivi za unga wa ngano, na sukari gramu 200, na chumvi laini hukaribia gramu 300.

Unga ndio mdanganyifu kuliko vyote. Ukiuchekecha na kuutia polepole kwa kijiko, kikombe huwa chepesi. Ukichota kwa kikombe chenyewe na kuushindilia, waweza kupita gramu 150. Ndiyo sababu majirani wawili wakikopeshana unga kila mmoja huona amepunjwa, na kumbe hapana mwizi kati yao. Torati nayo, katika Walawi 19, inapoamuru haki ya mizani, haikuziacha efa na hini, ambazo ni vipimo vya kujaza.

Basi chagua kikombe kimoja, usikibadili. Kipeleke kwa mwenye mizani, ukipime kitupu. Kisha ukijaze unga kama ilivyo desturi yako, ufute juu kwa mgongo wa kisu, ukipime tena, na kutoa uzito wa kikombe. Rudia mara tatu, uandike hesabu ya katikati. Fanya vivyo kwa mchele, sukari na sembe. Karatasi hiyo yakufaa kuliko jedwali la kitabu cha mapishi, maana mwandishi wake hakukiona kikombe chako.

Kijiko nacho kina mfuto na tele, na hapo pana hatari. Mtoto aharishaye, ikiwa pakiti ya zahanati ya chumvi na sukari haikupatikana, hutengenezewa kinywaji kwa lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya mfuto. Nusu hiyo ni gramu 3 tu. Ikiwa ya tele, chumvi yaweza kuwa maradufu, na chumvi nyingi humdhuru mtoto. Futa kwa kisu kwanza, ndipo utie. Na mtoto apelekwe zahanati upesi.