Tundu la kisukuku lazua mvutano wa majina

Kisukuku kisichoonekana kwa macho matupu kimewagawanya wataalamu. Axiodinium augustum ni gamba la dinoflajelati, kiumbe cha baharini, lililohifadhika katika mashapo ya miaka milioni 56 iliyopita, dunia ilipopatwa na joto kali la ghafla. Lina miiba na pembe, zile za ubavuni zikiwa ndefu ajabu. Mgongoni pana tundu alimotokea mwenyewe.

Tundu hilo ndilo kiini cha ubishi. Harland alikiweka katika jenasi ya Wetzeliella mnamo 1979. Baadaye kikahamishiwa Apectodinium. Mwaka 2015 Williams na wenzake wakakihamisha tena kwa kuzingatia umbo la tundu. Bijl na wenzake wakapinga mwaka 2016. Si mzaha: wachimbaji mafuta wa Bahari ya Kaskazini hupimia umri wa miamba kwa kisukuku hiki hiki chenye majina mawili.