Yangeyange: Jina Lake na Asili Yake

Apitaye njia ya Garsen wakati wa kiangazi, ng'ombe wa Waorma wateremkapo kutoka nyika kufuata malisho ya kandokando ya Mto Tana, humwona ndege mweupe akitembea kwa madaha kati ya miguu ya ng'ombe. Pengine hupanda mgongoni akakaa huko kama abiria aliyekwisha kulipa nauli. Huyu ndiye yangeyange. Kila mtu amjua, lakini ni wachache waliopata kuuliza jina hilo lilitoka wapi.

Maneno mengi ya pwani yana asili ya Kiarabu, lakini hili silo. Ni la Kibantu. Waswahili wengine husema nyange tu; Waganda humwita nnyange, nao wana ukoo mzima uitwao kwa jina lake, Nnyonyi Nnyange. Wanyarwanda na Warundi husema inyange, na huko Rwanda kampuni moja kubwa ya maziwa imechukua jina hilo. Si vigumu kukisia sababu. Neno moja likisikika hivyo pwani na tena penye Maziwa Makuu, yaonyesha kwamba ni la kale sana. Waswahili wa pwani wamelirudia mara mbili tu, kama wasemavyo kimulimuli au kizunguzungu.

Waarabu wa Misri wamempa jina jingine kabisa: Abu Qirdan, yaani baba wa kupe. Wazungu nao walikosea kwa namna yao. Msafiri mmoja wa Sweden, Hasselquist, alimwona Misri karibu na mwaka 1750 akamdhania kuwa ndiye yule ndege mtakatifu wa Mafarao. Linnaeus alipoandika majina ya viumbe mwaka 1758 alimwita ibis, na kosa hilo halijafutwa hata leo. Ndege wa Mafarao ni kwarara mweupe, mwenye kichwa na shingo nyeusi zisizo na manyoya, naye pia yupo Tana. Awaonaye wawili hao pamoja hawezi kuwachanganya. Mwaka 1855 Bonaparte aliongeza jina Bubulcus, maana yake mchunga ng'ombe kwa Kilatini. Hapo walau walikaribia ukweli.

Lakini jina la Abu Qirdan lataka kuangaliwa sana, maana laweza kumtia mfugaji hasarani. Wataalamu waliochunguza chakula cha yangeyange wamekuta panzi, nyenje, nzi na vyura; kupe ni wachache mno. Yeye hamfuati ng'ombe kwa ajili ya kumsafisha. Ng'ombe akanyagapo majani, panzi huruka, na ndege huwadaka bila kutembea sana. Atembeaye peke yake huchoka zaidi na kupata kidogo. Mla kupe hasa ni shashi, yule ndege mdogo wa rangi ya kahawia ashikaye ngozi ya mnyama kwa kucha zake. Wala hata yeye hatoshi. Mwenye ng'ombe aonaye yangeyange wengi zizini kisha akaacha kuwapeleka joshoni, ajue kwamba ndigana haitazuiwa na ndege.

Kwa mkulima habari ni tofauti, na hapa Wamisri wamesema kweli, kwa kuwa humwita pia rafiki wa mkulima. Mpokomo apaliliaye mpunga karibu na mto amwonapo yangeyange shambani hana sababu ya kumfukuza. Hali nafaka, aokotacho ni wadudu, na kila panzi amezwaye ni mmoja aliyepungua.

Wakati wa kuzaa, kichwa, kifua na mgongo wake huingia rangi ya hudhurungi hafifu, naye huacha ng'ombe kwa muda akaenda kujenga. Hajengi peke yake. Karibu na Idsowe, kusini ya Garsen, yangeyange hukusanyika pamoja na jamaa zao wengine wa majini, viota juu ya viota, katika miti na vichaka vilivyozungukwa na maji. Maji hayo ndiyo ngome yao, kwa kuwa huwazuia wanyama walao mayai na makinda. Tangu mabwawa makubwa yalipojengwa huko juu ya mto, likiwamo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, mafuriko hayaji tena kama zamani. Na mwaka ambao maji hayafiki chini ya miti hiyo, ni ndege wachache tu wajengao.