Je, Wajua Nyonga ya Farasi Haitoki Mahali Pake?

Farasi akianza kuchopea mguu wa nyuma, hakosekani mtu wa kusema nyonga imetoka mahali pake. Huitwa mkandaji, akasukuma hapa na kuvuta pale, mlio ukasikika, farasi akapiga miayo, na kila mtu akaondoka ameridhika kwamba mfupa umerudi. Huenda farasi amepata nafuu kweli, maana misuli iliyokaza ikikandwa hulegea. Lakini mfupa haukurudi popote, kwa kuwa haukuwa umeondoka.

Nyonga ya farasi mzima ni pete ya mifupa iliyokwisha kushikamana. Kwa juu ina mabawa mawili mapana yanayoifunika sakramu, yaani zile pingili tano za uti wa mgongo zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya kiuno. Mahali bawa linapokutana na sakramu hapana kichwa cha mfupa kinachozunguka ndani ya tundu. Pana nyuso mbili bapa zilizolaliana na ligamenti nene zinazozikaza kila upande. Sakramu imening'inia chini ya mabawa hayo kama susu darini, na kamba za susu ndizo hizo ligamenti. Kiungo hicho huchezacheza kidogo sana, hakifiki hata digrii chache. Ili kiteguke kweli lazima ligamenti zichanike, na farasi aliyefikwa na hayo ni majeruhi, si wa kukandwa.

Wanaoshikilia hadithi ya nyonga kutoka huonyesha vile vinundu viwili vilivyo juu ya matako, kimoja kikiwa kimeinuka kuliko mwenzake. Ni kweli vinundu hivyo wakati mwingine hupishana. Tatizo ni kwamba hupishana pia kwa farasi wengi wasiochechemea kabisa.

Kiungo hicho kinyamavu cha bawa na sakramu kina kazi kubwa. Farasi aliyesimama hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na miguu ya nyuma ndiyo ya kusukuma. Kila msukumo wa kwato za nyuma hupanda mguuni, hupita kwenye nyonga, huvuka hapo penye ligamenti ndipo ufike mgongoni. Kujikunja kwa mgongo farasi anapokwenda shoti hutokea hatua moja mbele, pale pingili ya mwisho ya kiuno inapoungana na sakramu.

Chini ya nyonga kuna maajabu mengine. Kile ambacho wengi hudhani ni goti la nyuma lililopinda kinyume ni kifundo kinacholingana na kisigino chetu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na lina pia yake kama la binadamu. Farasi anapotaka kupumzika akiwa wima, huinasa pia hiyo kwenye tuta la mfupa wa paja, na mguu ukajifunga bila misuli kuchoka. Zaidi ya hapo, goti na kifundo vimefungwa kwa kano mbili, moja mbele na moja nyuma, kiasi kwamba goti likikunjwa kifundo nacho hakina budi kukunjika. Kano ya mbele ikikatika, daktari huushika mguu, hulikunja goti na kukinyoosha kifundo kwa wakati mmoja, jambo lisilowezekana kwa farasi mzima. Kano ya kisigino nayo hulegea na kufanya kunyanzi. Ni mojawapo ya maradhi machache ya mguu wa farasi yanayotambulika kwa mikono mitupu.

Tundu la paja nalo lina ligamenti ya ziada iliyotoka upande wa tumbo na kushika kichwa cha mfupa wa paja. Wanyama wa jamii ya farasi tu ndio walio nayo, kwa hiyo punda wa Lamu anayo, ng'ombe hana. Ndiyo sababu moja inayomfanya ng'ombe apige teke la ubavuni kwa urahisi kuliko farasi.

Sasa turudi kwa yule anayechopea. Mara nyingi chanzo hakiko kwenye nyonga bali kwenye kifundo, kwenye goti, au kwenye ligamenti inayoshuka nyuma ya mfupa wa chini ya kifundo. Farasi akiogopa kuukanyagia mguu huo, misuli ya matako na mgongo hukaza, na nyonga ikaonekana ndiyo mkosaji.

Daktari wa mifugo humwangalia farasi akienda matiti kwenye ardhi ngumu iliyonyooka, kwa sababu katika mwendo huo miguu hupiga chini miwili miwili kwa mkingamo na kila upande hupata zamu sawa. Saisi humkimbiza akiwa ameilegeza kamba ili kichwa kiwe huru. Mwenye macho makini hubandika kipande cha plasta nyeupe kwenye kila ncha ya nyonga, kisha hukaa nyuma na kutazama vipande hivyo tu. Upande wa mguu mbovu, plasta hupanda na kushuka kupita mwenzake. Kichwa kinaweza kudanganya: farasi mwenye maumivu nyuma kushoto huinamisha kichwa mguu huo unapotua, na mtazamaji akaapa kwamba ubovu uko mbele kushoto. Kwa ajili hiyo Kevin Keegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walitengeneza vihisio vidogo vya kuvalishwa kichwani, juu ya nyonga na mguuni, vinavyopima tofauti ambazo jicho haliwezi kuziona. Baada ya hapo huja ganzi: daktari huanza chini na kupanda, sehemu moja baada ya nyingine, mpaka farasi anyooke.

Maumivu ya kiungo cha sakramu chenyewe yapo, na yana ujanja wake. Farasi anaweza kwenda matiti vizuri, lakini akianza kukimbia miguu yote miwili ya nyuma ikaruka pamoja kama ya sungura. Hakatai kwenda akiwa mtupu, hukataa akipandwa. Hurusha mateke, hushika mkia upande mmoja, humnyima fundi wa viatu mguu wa nyuma. Hapo ndipo huitwa mkaidi na kuongezewa fimbo, na kwa maoni yangu hakuna kosa baya kuliko hilo katika ufugaji wa farasi. Sue Dyson, daktari wa Uingereza aliyefanya kazi miaka mingi Newmarket, aliorodhesha na wenzake tabia 24 za farasi anayepandwa, kuanzia masikio kulazwa nyuma hadi kuachama mdomo. Zikionekana 8 au zaidi, uwezekano wa maumivu ni mkubwa na mpandaji anapaswa kushuka.

Hatari ya kweli iko kwa farasi wa mashindano, wale wembamba wanaokimbia Newmarket, Kentucky na hata uwanja wa Ngong, Nairobi. Mazoezi ya kasi hupasua bawa la nyonga kwa ufa mwembamba, mfupa ukichoka kabla haujawahi kujijenga upya. Ufa ukipuuzwa, siku moja mfupa huvunjika kabisa. Ukivunjika kwenye shina la nyonga, makali yake yanaweza kukata ateri kubwa inayopita jirani, na farasi akafa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani.

Kuuona ufa huo ni kazi. Eksirei hupenya kwa shida nyama nene ya matako, na kumlaza farasi chali kwa dawa ya usingizi ni hatari, kwani akizinduka na kupapatika anaweza kuumalizia mfupa. Basi hutumika ultrasaundi, au teknetiamu, dawa ya mionzi inayodungwa kwenye mshipa ikakusanyika penye mfupa unaojijenga. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6, na mpaka mionzi ipungue farasi hukaa peke yake. Kuna pia njia ya zamani: daktari huingiza mkono kwenye utumbo wa nyuma, msaidizi humyumbisha farasi taratibu kushoto na kulia, na vidole husikia mifupa ikisagana.

Tiba ya mvunjiko ni subira. Farasi hufungwa bandani kwa miezi, na wiki za mwanzo kamba huwa fupi asije akalala na kushindwa kuinuka. Kwa kiungo cha sakramu, daktari huelekeza sindano ya kupunguza uvimbe akitumia ultrasaundi, kisha hufuata mazoezi ya kujenga misuli: kutembezwa kwa mkono, kupanda vilima, kuvuka magogo yaliyolazwa chini.

Kuna jeraha moja la nyonga linaloweza kuzuilika kwa seremala tu. Farasi akitimka kutoka kwenye banda lenye mlango mwembamba hugonga ncha ya nyonga kwenye mhimili, na ncha ikavunjika. Wengi hupona na kurudi kazini, ila upande huo hubaki umebonyea maisha yao yote. Mlango wa mita 1.2 unatosha, pamoja na saisi asiyemruhusu farasi kutoka mbio.