Malezi ya Vijana Meru na Embu (3): Somo la Wamumu

Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, viongozi wa Embu walisimama kuwatetea wakulima wa Mbeere. Rais akasema agizo hilo halina nguvu, kwani zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa. Bei ikajadiliwa, ushuru ukajadiliwa; kijana anayetafuna hakuwa na wakili.

Jando na kazi ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, nimekwisha kuvieleza katika sehemu zilizotangulia. Leo, tukimtafutia kijana huyo malezi, twende Wamumu, uwanda wa Mwea, zamani ndani ya wilaya ya Embu, leo Kirinyaga. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwahamishia huko wavulana iliokuwa imewazuia katika kambi ya Manyani kwa tuhuma za Mau Mau. Uhalifu wa wengi wao ulikuwa upi? Aliyejidai kuwarekebisha ndiye aliyewafunga, na hilo tusilifunike. Lakini Geoffrey Griffin, mmoja wa walioisimamia kambi, aliwapa darasa, useremala, uashi, kandanda na gwaride. Hata tohara ilifanyika humo humo, maana walikuwa wakibaleghe mbali na baba zao, na asiyetahiriwa angerudi kijijini akiitwa mtoto. Mkoloni alikuwa ameivunja nyumba ya malezi, kisha akalazimika kuiga desturi zake! Mwaka 1959 Griffin, Joseph Kamiru Gikubu na Geoffrey Gatama Geturo wakaanzisha kituo cha Starehe, Nairobi, kwa ajili ya watoto wa mitaani. Gikubu mwenyewe alikuwa amewahi kuwekwa kizuizini.

Siku hizi kule Igembe mvulana huacha shule kwa sababu mwili wake mwepesi hupanda mmiraa bila kuvunja tawi. Jioni analipwa, na hakuna wa kumwuliza pesa zimekwenda wapi. Jando la Desemba nalo wazazi wengi wamewaachia vijana waliotahiriwa juzi, chupa mkononi. Hapo mzazi ndiye mkosaji wa kwanza, nami simwonei haya kumwambia. Serikali nayo, kwa Sheria ya Watoto ya 2022, imepandisha umri wa mtoto kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Ni hatua njema, ila haimfundishi mtu kushika randa kama ilivyofanya Wamumu.

Kwa Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti. Msomaji wa Maua au Siakago, kabla hujamwuliza mwakilishi wa wadi yako habari za soko la miraa na muguka, mwulize kwanza chuo chenu kina walimu wangapi.