Wasifu wa Mtu wa Bima

Kabla jeneza halijanyanyuliwa, hufika zamu ya kusoma wasifu wa marehemu. Karatasi huwa moja, imekunjwa mara nne: kuzaliwa, shule, ajira, vyeo, kustaafu, kuugua, kisha mjane, watoto na wajukuu. Marehemu akiwa mkurugenzi mstaafu wa bima, vyeo husomwa mbiombio, na waombolezaji, iwe Litapunga au Mpanda mjini, mkoani Katavi, hurudi makwao wakijua alikuwa mkubwa ofisini na baba mwema nyumbani. Mambo hayo mawili yalikutana wapi, hawaambiwi. Naona hapo tunampunja marehemu, kwa sababu kazi ya bima ni kuwawekea wake na watoto wa watu wengine kile ambacho baba mwema huwawekea wa kwake.

Tuchukue mfano wa tumbaku, zao linalolimwa Katavi na kukaushwa kwa moto ndani ya mabani. Wakulima 1,000 wakichanga shilingi 10,000 kila mmoja, zinapatikana milioni 10. Mabani kumi yakiungua, kila mwenye bani anaweza kulipwa 900,000, na milioni moja ikabaki kuendesha shughuli. Ugumu wa kazi ni kukadiria mapema kwamba yataungua kumi na si arobaini, kisha kuilinda akiba hiyo isiguswe. Aliyeajiriwa miaka ya 1980 aliifanya kazi hiyo katika Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa 1963, likataifishwa 1967 baada ya Azimio la Arusha, na kubaki peke yake katika soko la Tanzania Bara hadi sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi.

Wapo watakaosema msiba si mahali pa kuinadi bima, tena wengi wanaijua kuwa nyepesi kupokea na nzito kutoa. Malalamiko hayo yana msingi. Ndiyo maana sheria ya 2009, iliyoiunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), iliweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini hiyo ni sababu zaidi ya wasifu kutaja madai yaliyolipwa chini ya uongozi wa marehemu, maana cheo peke yake hakituambii kama mjane alilipwa au alizungushwa. Wengine watasema tayari tunazikana. Ni kweli, na chama cha kuzikana hununua sanda na kulisha waombolezaji kwa upendo ambao hakuna kampuni inayoweza kuufikia. Ila rambirambi haifiki ada ya kidato cha tatu katika shule binafsi. Na mvua ya mawe ikishuka, hupiga mashamba ya kijiji kizima siku moja, mchangiaji na mchangiwa wakaumia pamoja. Hapo panahitajika mfuko uliochangiwa na watu wa mbali, ambao kwao haikunyesha.

Ubaba wake nao una ushahidi wake, mdogo na wa karatasi: ile nafasi ya fomu ya bima ya maisha inayouliza jina la mnufaika. Wako wanaoijaza ujanani jina la mzazi, wakaoa, wakazaa, wasiibadilishe. Wako wanaoificha hati hata mke asijue ipo. Aliyekuwa mtu wa familia kwelikweli huwa amemwonyesha mkewe sanduku, chini ya vitenge, ilipo hati, na kumweleza kwamba ataipeleka kwenye kampuni ya bima pamoja na cheti cha kifo.